Gari Lenu Linakunywa Kidogo Mno

Pampu Namba Tatu,
Kituo cha Mafuta cha Njiapanda.

Kwa Mhandisi Mkuu wa Injini,
Kiwandani.

Ndugu Mhandisi,

KUHUSU: GARI LENU DOGO LA RANGI YA MAZIWA, NA MADHARA YAKE KWA MOYO WA BINADAMU

Kwanza salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono safi, watoto wakienda shule na mama yako mzazi akila vizuri. Mimi pia sijambo, ukiondoa hayo mabaya uliyonifanyia, ambayo nitayaeleza hapa chini kwa utaratibu.

Mimi ni mjaza mafuta. Nasimama kwenye pampu namba tatu, ile iliyo karibu na bomba la maji, na nimesimama hapo tangu kofia yangu ilipokuwa na rangi. Sina tabia ya kulalamika. Mwajiri alipotushonea sare zenye mifuko ambayo mkono hauingii, wenzangu walipiga kelele hadi ofisini, mimi nikajifunza kuweka kitambaa changu kwenye soksi. Kwa hiyo ujue kwamba mtu wa namna hii akishika kalamu, maji yamezidi unga.

Najua unaletewa barua nyingi za watu wanaosema magari yenu yanakula mafuta kama mchwa anavyokula mlango. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema gari lenu halili. Linaonja, linafuta mdomo, linaondoka.

Ili unielewe, lazima kwanza nimtaje mwenye gari. Ni fundi mapazia. Anashona mapazia ya majumba, ya maofisi na ya nyumba za wageni, na kabla ya kushona huenda mwenyewe kupima madirisha. Utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Nimesikia hata harusini huenda nao. Ni mjane, ni mcheshi, na akicheka hushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari nalo linaweza kucheka likaenda zake.

Zamani alikuwa na pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ile ilikuwa gari! Ilikunywa asubuhi, ikakohoa mchana, jioni ikawa na kiu tena. Hazikupita siku mbili bila kuja hapa. Na kwa kuwa tangi lake lilikuwa kama pipa, wakati linajaa tuliweza kuzungumza mambo ya maana: wateja wake, mgongo wangu, na watu wanaoagiza mapazia mekundu kisha wanalalamika kwamba chumba kimekuwa chekundu. Hapo ndipo nilipompenda. Nasema wazi kwa sababu wewe ni mhandisi, na wahandisi hupenda kujua chanzo cha hitilafu.

Kisha akauza pikapu, akanunua gari lenu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Umbali

Siku ya kwanza alipokuja nalo, nilijaza tangi, nikafuta kioo cha mbele, nikamwambia "Haya mama, kesho kutwa," kama ilivyokuwa kawaida yetu. Kesho kutwa ikapita. Nikafikiri anaumwa. Wiki ikapita, nikafikiri amefiwa. Nilikuwa nimeanza kuuliza wateja wa mtaa wake kama kuna msiba, ndipo nikamwona anapita barabarani, mzima wa afya, anapiga honi. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti kwa furaha: "Kaka, huwezi kuamini! Mafuta ni yale yale! Mshale haujafika hata nusu!"

Nilitabasamu. Mteja niliyekuwa namhudumia akaniuliza kama jino linaniuma.

Katika kijitabu mlichompa (alinionyesha baadaye, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu) mmeandika kwamba tangi moja linatosha kwenda mpaka mji mkuu na kurudi. Ndugu Mhandisi, nani aliyekuambia kwamba anataka kwenda mji mkuu? Mama wa watu anapima madirisha, na madirisha yako hapa hapa. Kumpa injini ya namna hiyo ni kumpa mtu sufuria ya harusi achemshie yai moja. Mmetengeneza umbali ambao hakuna aliyeuomba, kisha mmeuweka kati yangu na yeye.

2. Mazungumzo kukatwa katikati

Siku moja alikuwa ananisimulia habari za wifi yake. Wifi aliagiza mapazia ya zambarau, akashonewa, yakatundikwa, kisha akasimama katikati ya sebule na kusema hiyo si zambarau. Ukoo mzima ukaitwa kuja kuangalia. Mjomba wao, ambaye haoni vizuri, akasema ni kijani. Basi hapo wifi akapanda juu ya kiti, akashika pazia, na...

Na tangi likajaa. Pampu ikakata, nyuma kuna lori linapiga honi, fundi akasema "Nitakumalizia siku nyingine," akaenda.

Unajua hiyo siku nyingine ilikuja lini? Mimi mwenyewe nimesahau, maana nywele za masikioni zilikuwa zimeota. Muda wote huo nilikuwa na wifi juu ya kiti kichwani mwangu. Nilikula naye, nililala naye, alikuwa amesimama tu pale na pazia mkononi. Nilibishana na mwenzangu wa dirisha la malipo, ambaye sote tunamwita Shangazi, kama wifi alilichana pazia au alianguka nalo. Hatukusemeshana mpaka siku ya tatu.

Fundi aliporudi, nikamuuliza kwa haraka kabla hata ya kufungua kifuniko cha tangi: ilikuwaje? Akafikiri kidogo, akasema, "Nani? Aa, wifi! Tulipatana zamani, mapazia anayapenda sana." Hivyo ndivyo nilivyopewa mwisho bila katikati. Mpaka leo sijui alivyoshuka kwenye kiti kile, na fundi mwenyewe amesahau. Hili nakudai wewe.

3. Pikapu ya zamani

Pengine ulidhani pikapu ikishauzwa mambo yamekwisha. Hayakwisha. Aliyeinunua ni muuza matofali mwenye masharubu, na kwa kuwa gari lenyewe halijaacha tabia yake, anakuja hapa kila mara. Naisikia ikikohoa kutoka njiapanda. Moyo unaruka. Najirekebisha kola, naweka kofia sawa, nageuka na uso wote unang'aa, na hapo mlango unafunguka, yanashuka masharubu.

Ningeweza kuvumilia hilo. Tatizo ni kwamba bwana huyu anaona uso wangu unavyong'aa na anadhani ni kwa ajili yake. Ni mtu mpweke, na ameguswa. Alianza kwa kunishika mkono kwa muda mrefu. Kisha akawa ananiita mdogo wake. Sasa kila akija ananiletea tofali moja la zawadi, analolichagua mwenyewe, lisilo na ufa. Siwezi kumwambia ukweli, ataumia. Dada yangu ninayekaa kwake ameniuliza kama nina mpango wa kujenga bila kuwaambia ndugu.

Unaona uonevu huo? Mtu ambaye sina shida naye amepewa injini yenye kiu, na mtu ambaye ninamhitaji amepewa injini iliyofunga saumu. Nani aligawa hivi?

4. Jitihada zangu zote kushindikana

Usifikiri nilikaa tu. Nimepambana na kazi ya mikono yako kwa kila njia ya halali.

Nilimshauri awe ananunua mafuta kidogo kidogo, nikamkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Akasema marehemu mumewe alimfundisha kwamba tangi ni kama pipa la maji nyumbani: ukiliacha nusu, wageni watakuja siku hiyo hiyo. Akaniambia nijaze kibaba chote kwa mara moja. Siwezi kushindana na marehemu, hasa akiwa amesema kweli.

Nikamshauri abebe mzigo mzito ili gari "lizoee." Akaona ni wazo zuri, akajaza buti marobota ya kitambaa mpaka taa za mbele zikawa zinaangaza juu ya miti. Mshale haukujali.

Nikamshauri akanyage mafuta sana anapopanda mlima, kwamba injini ya siku hizi inapenda hivyo. Mungu anisamehe. Akanijibu kwa upole kwamba anayekimbia na mapazia huyafikisha yakiwa na mikunjo.

Mwisho, kwa kukata tamaa, nikamwambia mtu mwema huenda kumsalimia mama yake. Mama yake anaishi mbali sana, milima miwili na mto mmoja kutoka hapa. Nilipiga hesabu kwamba akienda na kurudi, lazima aingie hapa akiwa mkavu kabisa. Akanishukuru kwa kumkumbusha wajibu wake, machozi yakamlengalenga, akaenda. Alikaa huko mpaka nikaanza kumwota. Na aliporudi, Ndugu Mhandisi, alirudi na mafuta! Alipita hapa akanipungia mkono tu. Nilikaa chini juu ya ndoo yangu ya maji ya sabuni, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji.

Kuna jambo moja linalonihusu mimi katika lalamiko hili, na kwa kuwa nataka haki nitalisema, ingawa kosa bado ni lako. Mimi nina ufundi wangu. Wajaza mafuta wengine pampu ikikata wanachomoa bomba. Mimi sichomoi. Naliegemea gari kwa nyonga, nalitikisa taratibu, hewa inatoka ndani ya tangi, naongeza. Natikisa tena, naongeza tena. Kwa ajili hiyo wateja wamenipa jina la Tone la Mwisho, na sioni haya nikiitwa hivyo. Sasa gari la mtu ninayempenda nilitikise kidogo? Nililitikisa kuliko yote. Nilijaza mpaka shingoni, nikakaribia kuyaona mafuta yakinitazama. Ilikuwa ndiyo zawadi yangu kwake, maana sina nyingine.

Shangazi alinitazama kutoka dirishani siku moja, akatikisa kichwa, akaniambia, "We baba, unamjazia safari ya kukukimbia." Sikulala vizuri. Lakini nikijiuliza kwa makini, nani aliweka shingo ndefu kiasi kile kwenye tangi? Mimi nilikuta nafasi tu. Mtu akiacha mlango wazi asimlaumu anayeingia.

5. Muuza fimbo za mapazia

Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Kila pazia linahitaji fimbo. Na fimbo zinauzwa na bwana mmoja ambaye duka lake lina feni, lina benchi la wateja na lina kalenda ya maua. Fundi wangu lazima aende pale kila anapopata kazi. Kila siku! Yule bwana hahitaji injini wala mshale. Watu wakiendelea kujenga nyumba zenye madirisha, yeye ataonana naye mpaka siku ya kiama. Nimemwona kwa macho yangu akimbebea fimbo mpaka kwenye gari, akizifunga juu ya paa kwa kamba, polepole kuliko inavyohitajika. Nimejaza mafuta miaka mingi, najua mtu anapovuta muda.

Nina wivu. Sitaliita jina jingine. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wewe umenifanya niwe asiyekuwepo ilhali nimesimama hapa kutwa nzima na sare ya kijani.

Utauliza, kwa nini nisiende dukani kwa fundi mwenyewe? Swali zuri, na nimelifikiria kuliko wewe. Mtu haendi kwenye duka la mapazia mikono mitupu. Lazima uwe na dirisha. Mimi nalala kwenye chumba cha uani kwa dada yangu, na dirisha langu ni dogo. Nilichukua kamba nikalipima. Dada akanikuta nimening'inia pale, akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia nataka kushonesha pazia. Akacheka mpaka akaita majirani. Alisema dirisha lile kitambaa cha mkononi kinalitosha na kipande kinabaki cha kufutia jasho. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akaniuliza: "Mdogo wangu, unataka pazia au unataka fundi?" Nikakunja kamba yangu. Tangu siku hiyo amekuwa akiniwekea nyama kubwa, na hilo linaniumiza zaidi.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo lazima ulijue. Maneno ya kumwambia ninayo. Nimeyapanga tangu enzi za pikapu, yana mwanzo, katikati na mwisho, na yalikuwa yanaenea tangi lile barabara. Huwa nayafanyia mazoezi kimoyomoyo ninapomjazia muuza matofali (pengine midomo inachezacheza, ndiyo maana matofali yameongezeka). Lakini tangi la gari lenu ni dogo, halafu halifiki hapa tupu! Nikianza tu kusema "Mama, kwa muda mrefu sasa," pampu inakata. Hivyo haji, na akija hakai. Mmenifungia milango miwili kwa ufunguo mmoja.

Nisipomwambia mwaka huu, bwana wa feni atamwambia. Hilo ndilo ninaloogopa, na ndilo lililonitoa usingizini nikaomba karatasi kwa Shangazi.

6. Bango

Meneja wetu amebandika bango lenye picha ya gari lenu mbele ya pampu yangu. Limeandikwa "Tangi Moja, Safari Nyingi." Sina la kuongeza.

MAOMBI

Kwa kuzingatia hayo, naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya, lililo rahisi kwenu:

Mosi, mmwite fundi mapazia kiwandani kwa kisingizio cha ukaguzi, mtoboe tangi lake kitundu. Sisemi kitundu cha hatari. Nasema kitundu cha heshima, kinachotoa tone moja kama mtu anayelia bila kutaka watu wajue.

Pili, ikiwa sheria inakataza vitundu, mwekeeni tangi lenye ukubwa wa chupa ya chai.

Tatu, ikiwa tangi haligusiki, rekebisheni mshale ushuke haraka zaidi. Sitaki adanganywe. Nataka tu mshale uwe na wasiwasi kidogo, kama mama mwenye watoto wengi.

Nne, mtengeneze injini inayokunywa mafuta hata ikiwa imezimwa. Gari linapolala uani kwake usiku kucha, linafanya nini? Halifanyi lolote. Kazi hiyo lingeweza kuifanya vizuri.

Tano, na hili ndilo bora kuliko yote, muishawishi serikali itunge sheria kwamba kila gari lipelekwe mbele ya mjaza mafuta wake mara mbili kwa wiki kujuliana hali, liwe na kiu lisiwe na kiu, kama mtoto mchanga anavyopelekwa kupimwa uzito. Mjaza mafuta atie saini. Gari lisilo na saini lisipite barabarani, na lisiruhusiwe kabisa kuegeshwa mbele ya maduka ya fimbo.

Najua utakachosema. Utasema mafuta ni adimu, hewa inachafuka, na wewe umekesha miaka mingi ili injini iende mbali kwa kidogo. Nakusikia, na kazi yako naiheshimu. Sina ugomvi na hewa. Naivuta hapa kutwa nzima na ninajua hali yake kuliko ninyi mlio ndani. Lakini naomba gari moja tu. Yale mengine yote uliyotengeneza yaende mbali yanavyotaka. Na ili dunia isipate hasara, niko tayari kufidia: nitatembea kwa miguu maisha yangu yote, na dada yangu ataacha kupikia jiko la mafuta. Sijamwambia bado.

Nakuomba ujibu kwa haraka inayowezekana. Huku nje anaweza kuwa anapimwa kidole cha pete na mtu mwenye feni, na wewe umekaa hapo unapunguza kiu ya injini.

Nisalimie wote kiwandani: wanaokaza nati, wanaopaka rangi, wapishi wenu, mlinzi wa geti, na yule aliyeweka taa ndogo ya kumulika kifuniko cha tangi, huyo ana utu. Msalimie na mwandishi wa kile kijitabu, ila salamu yake iwe fupi. Shangazi anakusalimu. Muuza matofali anakusalimu pia, anadhani namwandikia ndugu yangu.

Nabaki wako, nikiwa nimesimama,

Mjaza Mafuta wa Pampu Namba Tatu
(Tone la Mwisho)

Nyongeza:

Ndugu Mhandisi, nilikuwa nalamba bahasha, gari lenu likaingia.

Nilitazama mshale kwanza, ndiyo kazi yangu. Ulikuwa umepita nusu tu. Fundi akasema, "Jaza." Nikamuuliza mbona mapema. Akachezea utepe wake, kisha akanijia juu kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Alisema amechoka. Alisema tangu anunue gari hili amezunguka mji mzima kutafuta mafuta yaishe. Amepima madirisha ya watu ambao hawakumwita. Juzi alipima dirisha la mahakama, askari akamtoa. Amekwenda kwa mama yake mpaka mama akamuuliza kama ana deni kule mjini. Na kila akirudi hapa, akasema, mimi nalishindilia gari mpaka shingoni kana kwamba naomba asionekane tena. "Wewe kaka," akaniambia, "kama hutaki nije, si useme tu!"

Pampu ilikuwa imekata zamani. Sikuchomoa bomba. Nyuma kulikuwa na magari manne na pikapu, wote wanapiga honi. Maneno yangu yote yenye mwanzo, katikati na mwisho yalikimbia. Nilichoweza kusema ni: "Jumapili sina zamu."

Akanitazama sana. Akasema, "Na mimi Jumapili sina dirisha la kupima."

Basi Ndugu Mhandisi, malalamiko namba moja mpaka sita yafute, na maombi yote yatupe. Kama umeshamtuma mtu na ile kazi ya kitundu, mkimbilie umzuie. Muuza fimbo nimemsamehe, aendelee na feni yake. Wewe ni mtu mwema na injini yako ni baraka. Nimelisema hilo kwa sauti hapa kituoni mpaka meneja ametoka nje.

Limebaki swali moja la kitaalamu, na naomba unijibu kabla ya Jumapili: tangi likiwa limejaa mpaka tone la mwisho, ndani wamo watu wawili wasio na haraka, na hakuna kati yao anayetaka kurudi, gari lenu linafika wapi?